Chakula cha Mabuu, Kuni za Mzazi

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi nilipofika kwenye kona ya njia inayotazama nyumba yangu, pale kijijini Daudi, gunia la pumba likiwa begani. Niliona moshi mweupe, mzito, ukipenya kwenye nyasi za paa. Kuni kavu hazitoi moshi wa namna ile. Nikatua gunia. Nilijua kinachoungua.

Mkoa wetu ulikuwa mpya, umekatwa kutoka Arusha, na wanunuzi wa kila kitu walikuwa wakipanda huku milimani: wa vitunguu saumu, wa ngozi, wa maharage. Mmoja alinunua wadudu. Alikuwa kijana wa Arusha, na aliniambia kwamba Ulaya kuna watu wanaofuga mbawakawa ndani ya nyumba kama sisi tunavyofuga paka. Alitaka wale wakubwa weusi, ambao dume wake ana taya kama koleo. Wawe hai, wawe na miguu yote. Wa porini wengi walikuwa wamekatika miguu, kwa hiyo niliamua kuwalea mwenyewe tangu wakiwa mabuu.

Mtaji nilipata kwa kuuza maksai mmoja. Nilikuwa na wawili, jozi moja ya kulimia. Kaka yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mvua zikianza utafunga nira kwa funza?"

"Mvua zikianza nitakuwa nimenunua maksai mwingine."

"Na huyu aliyebaki utamwambia nini? Mwenzako kaenda kugeuka mdudu?"

Sikuwa na mwalimu. Nilijifunza kwa kujaribu. Buu akiwekwa kwenye mti mbichi hukonda. Akiwekwa kwenye mti uliooza ukawa wa kahawia, ule unaomeguka vipande vipande, hubaki alivyo. Hunenepa kwenye mti ulioingiwa na kuvu nyeupe tu: gogo jepesi, lililopauka, laini kiasi kwamba kidole gumba kinazama. Nilitwanga magogo ya aina hiyo, nikaloanisha unga wake mpaka ukiukamua kwa ngumi hautoi tone, nikaujaza kwenye madebe pamoja na mabuu. Akiba niliipanga bandani nyuma ya jiko: magogo niliyoyapandikiza kuvu kwa mkono wangu na kuyafunika kwa magunia yenye unyevu. Yalichukua masika yote na sehemu kubwa ya kiangazi kuiva.

Kisha mke wangu akajifungua. Kwetu mzazi hatoki nje, na nyumba inakuwa ya wanawake. Majirani huleta unga, siagi na kuni, na mama mkwe huja kusimamia moto. Mkwe hukaa mbali naye. Nilimwamkia kutoka uani, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba bila kutoka, nami nikaenda mjini kutafuta pumba za kuchanganya na chakula cha mabuu, nikalala huko. Habari ya magogo ningemwambiaje? Mkwe kumfundisha mama mkwe kuni za kuwasha ni matusi.

Asubuhi ile nilikuta banda tupu. Magogo mengine yalikuwa yamepasuliwa na kuanikwa uani tangu jana yake, mengine yalikuwa juu ya meko, yanakaushwa. Kutoka ndani nilimsikia mama mkwe akisema na jirani, kwa sauti ya kunifikia mimi.

"Mwambie baba wa mtoto, mwanangu amewekewa kuni zilizooza. Zimelowa kama matambara. Tumehangaika nazo usiku kucha."

Jirani akatokeza kichwa mlangoni, macho mekundu. "Shemeji, umesikia? Kuni gani hizi, zinanuka uyoga! Kusoma kote kule, kuni zimekushinda?"

Ndani wakacheka.

"Mwambie mama nashukuru," nikasema.

Magogo niliyoyaokoa uani niliyaloweka upya, yakaota ukungu wa kijani. Kuvu yangu ilikuwa imekufa kwa kukaushwa. Niliwapa mabuu mti ambao haujaiva. Wakakonda, ngozi ikalegea, halafu wakaanza kutafunana. Kila nilipofunua debe, walikuwa wamepungua; waliofikia kugeuka mbawakawa walihesabika.

Kijana wa Arusha alirudi kwa wakati tuliopatana.

"Kaka, hawa ni sita."

"Ni sita."

"Si ulisema madebe?"

"Chakula chao kiliungua."

Alinitazama kama anayesikiliza uongo wa kitoto. Akalipa, akawafungia kwenye makopo, na sikumwona tena.

Mvua zilianza. Jozi za wenzangu zilishuka mashambani, na maksai wangu alisimama peke yake akila mabua. Kaka yangu hakunicheka tena, ningependelea acheke. Aliniazima jozi yake alipokwisha kulima kwake, mahindi yangu yakachelewa, baridi ikayakuta machanga. Mama mkwe bado husimulia jinsi alivyomkanda mzazi kwa maji yaliyochemshwa kwa kuni mbovu za mkwe wake, watu hucheka, nami nikiwepo hutazama chini. Mpaka leo hajui, na si mimi wa kumwambia.

Yule maksai wa mtaji nilimuuza kwa laki moja na elfu ishirini. Mbawakawa sita walinipa elfu kumi na nane. Nilipoteza shilingi laki moja na elfu mbili.