Dada Yangu Alikutwa Bado Amekaa Kwenye Benchi

Boti iliyopinduka ilipogeuzwa, dada yangu alikuwa bado amekaa kwenye benchi yake.

Abiria wengine wote waliokoka. Kina mama, wazee, mpaka mbuzi. Yeye peke yake ndiye aliyekufa, na ni yeye aliyekuwa amevaa jaketi ya kuelea.

Huku Kakuma watu wamesema mengi. Wengine wanasema mto ulimchagua. Mchungaji alisema ni siri ya Mungu. Mimi nimekaa miaka minne naitikia kwa kichwa tu.

Leo nimechoka.

Naitwa Kuany. Nimelelewa hapa kwenye kambi ya wakimbizi, na tangu niache shule nimekuwa tanboi, yaani utingo wa lori, kati ya Lodwar na Kakuma. Kama umewahi kusafiri barabara hiyo bila pesa ya basi, unajua tunakokaa. Juu kabisa, juu ya magunia ya mahindi ya Katilu, jua linakuchoma na lori linayumba.

Hapo juu usingizi ndio adui. Ukisinzia, shimo la kwanza tu uko chini. Ndiyo maana huwa tunajifunga. Unapitisha leso, yaani kanga, kiunoni, unaifunga kwenye chuma cha bodi, unalala zako. Ekuru, dereva wangu, Mturkana asiyependa maneno mengi, alinifundisha fundo moja ambalo likivutwa linazidi kukaza.

Hiyo kazi naijua. Nimefunga watu wengi sana na hakuna aliyewahi kuanguka.

Basi, Awoi, dada yangu mkubwa, aliyenilea kwa chai aliyouza sokoni, akataka kwenda Bor, Sudan Kusini, kumwona mama. Mama alikuwa amerudi nyumbani miaka tisa nyuma na sasa alikuwa mgonjwa. Awoi aliogopa mama atazikwa bila wao kuonana tena. Nikamwambia asijali, mimi ni mtu wa safari, nitamfikisha.

Tulienda siku mbili kwa lori kupitia Lokichoggio hadi Juba. Awoi hakulala hata kidogo.

Pale mtoni, kwenye Nile, kulikuwa na boti mbili za kwenda Bor. Moja kubwa, yenye jaketi kwa kila abiria, ilikuwa inaondoka kesho yake. Nyingine ya mbao, nusu bei, inaondoka sasa hivi, imejaa watu na mbuzi.

Mimi mjanja nikachagua ya nusu bei. Awoi aliuliza mara moja tu kama iko salama. Nikamcheka.

Jaketi zilikuwa chache na watu walizigombania. Nikapata moja, nikamvalisha. Nilijiona ndugu wa maana sana.

Mchana jua lilipokaza, Awoi akaanza kusinzia. Benchi yetu ilikuwa pembeni kabisa, maji yako hapo, na kila akisinzia anaegemea nje. Nikachukua leso yake, nikaipitisha kiunoni chini ya jaketi, nikaifunga kwenye nguzo ya benchi. Kwa fundo lile la Ekuru.

"Unanifunga kama mbuzi," akaniambia.

"Lala. Nikikufunga mimi huanguki."

Akacheka, akalala.

Nahodha alikuwa mzee mmoja anaitwa Mabil. Alipopita kukagua mizigo aliiona ile leso, akasimama.

"Mfungue huyo," akasema. "Kwenye maji mtu hafungwi."

"Sawa, mzee."

Nilisema sawa vile tunavyowaambia polisi wa vizuizi, ili aondoke. Sikugusa kitu. Nikajiambia, huyu mzee atanifundisha nini kuhusu kusafirisha watu? Nikaenda zangu mbele kupiga stori na wenye mbuzi.

Sijui tuligonga gogo au nini. Boti iliinama, mbuzi wakateleza wote upande mmoja, ikapinduka. Ukingo ulikuwa karibu. Watu walishika mafunjo, walishika madumu, walishikana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nilimwita Awoi mpaka sauti ikakauka.

Fundo lile likilowa halifunguki. Hata Ekuru hakuwahi kuniambia, maana barabara yetu haina mvua.

Asubuhi wavuvi walipoivuta boti na kuigeuza, niliruka majini kabla ya mtu yeyote. Watu wakasema, ona mapenzi ya ndugu. Niliingia na kisu. Niliikata leso chini ya jaketi, nikaiacha iende na maji, halafu nikapiga kelele kwamba amenasa kwenye benchi.

Kesi ilikaa kwa chifu kule Bor. Mabil alisema ukweli wote, kwamba mimi nilimfunga dada yangu na yeye aliniambia nimfungue. Abiria wengine walikuwa wameshatawanyika, kwa hiyo chifu akanigeukia mimi. Mama alikuwa amekaa pale na ugonjwa wake, ananitazama, mtoto pekee aliyebaki.

"Anadanganya," nikasema. "Hakusema neno."

Chifu akaamini neno langu. Mabil alilipa ng'ombe wa damu, fidia ya aliyekufa kwa desturi yetu, zizi lake lote, na boti akaiuza.

Sasa sikia kitu ambacho hakuna anayekijua vizuri kuliko mimi. Mama alipata nafuu. Akachukua ng'ombe wale wale, akanitolea mahari ya mke.

Anaitwa Nyandeng. Mwanamke mzuri, ananiombea kila siku kabla sijapanda lori. Na kila akiomba naona aibu, kwa sababu najua alilipiwa na nini. Mahari yangu ni dada yangu.

Wewe unayesafiri nchi za watu na pesa kidogo, chukua hili. Subiri boti yenye jaketi ya kila mtu, hata ukilala na njaa. Usikae mahali ambapo huwezi kutoka haraka. Usijifunge, usimfunge mtoto, usijifunge kwenye mzigo wako. Na mwenye kuyajua maji akikuambia kitu, fanya, hata kama barabarani wewe ndiye mwalimu.

Na ukiua mtu kwa ujuaji wako, sema siku hiyo hiyo, kabla ng'ombe hawajaletwa.

Mwezi uliopita niliambiwa Mabil anabeba magunia Juba, kwa umri ule. Sijui nitaanzaje naye. Itabidi nianzie nyumbani.

Mama hajui kusoma. Nyandeng anajua. Nikimaliza kuandika hapa nampa simu asome.