Baraza Nililoligongomea Kwenye Mashua

Siku moja naikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, na mke wangu hili asilisome. Ilikuwa asubuhi kule Mtoni, maji yamekupwa, na mimi nimesimama ndani ya mashua ndogo ya mjomba wangu Makame, nyundo mkononi, misumari mdomoni, nikijiona fundi. Mwanangu, mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kuuliza swali. Msiba wangu ulianzia hapo.

Nimeikumbuka kwa sababu ya Rukia, binti wa ndugu yangu, anayesoma chuo kule Tunguu. Juzi kanionesha kwenye simu picha za mashua aliyoachiwa na babake. Kaikwangua mwenyewe, kaitia rangi mwenyewe, ndani inang'ara kama sahani ya Idi. Nimezitazama zile picha mpaka chai ikapoa, na chai yangu huwa siiachi ipoe. Kisha akaniambia, "Sasa Ami, humu chini ntapigilia sakafu nzima, na juu yake kabati. Nshaona kwenye video." Hapo nikaweka kikombe chini. Haya ninayosimulia ni kwa ajili yake, na ya kila kijana mwenye nyundo.

Mimi si mtu wa bahari. Nimezaliwa kisiwani, naam, lakini hata paka wetu kazaliwa kisiwani na hajapata kuvua. Starehe yangu ni mlango, mto na kikombe. Wakati ule nimemaliza Fomu Foo, kazi sina, ila nyumbani kwetu Malindi ya Unguja nilikuwa bingwa. Mapazia natundika mimi, rafu napiga mimi, mguu wa meza ukilegea naitwa mimi.

Mama yangu alikuwa mtu wa Jongowe, kisiwani Tumbatu, kaolewa mjini. Miaka mingi hakuwa amekwenda kwao, kwa sababu ya mgongo. Akikaa kwenye ubao saa moja, kumnyanyua ni kazi ya watu wawili. Ndipo ikaja habari kwamba dada yake, mama mkubwa Bi Tatu, anaumwa, hatoki tena kitandani, na kila siku anauliza, "Mdogo wangu hajafika?" Gari ya kwenda Mkokotoni, bandari ya kuvukia Tumbatu, kwa barabara ya siku zile, ingemfikisha mama vipande vipande. Mjomba Makame, kaka yao, akasema atampeleka kwa mashua. Ila mgongo ule ukae wapi?

"Niachieni mimi," nikasema. "Ntaitengeneza ndani iwe kama chumba."

Mjomba akakubali. "Haya. Ila kabla hujagonga msumari, niulize." Akaenda zake kushona tanga.

Sikuuliza. Nilitafuta mbao za mlango wa zamani, nikazilaza kutoka ubavu hadi ubavu, nikazipigilia barabara mpaka sindano haipiti. Baraza, mwanangu! Baraza kama la nyumba ya mji mkongwe, ila liko ndani ya mashua. Juu yake godoro la sponji, mito miwili, pazia la maua, na kirafu cha birika. Siku nne nzima. Wenzangu wakaja kutazama, mmoja akauliza kodi ya mwezi ni kiasi gani.

Mjomba alirudi. Nikamwamkia, akaitikia, akavua makubadhi na kupanda. Akapitisha kiganja juu ya mbao polepole, na nikaona uso wake umefurahi kweli.

"Mikono unayo, mpwa wangu. Hili siwezi kulikataa. Sasa ngama iko wapi?"

Ngama ni lile bonde la chini kabisa katikati ya chombo, maji yanakokusanyika. Chombo cha mbao lazima kinywe maji kidogo, na hapo ndipo yanapofuliwa, yaani kuchotwa na kumwagwa nje.

"Iko chini ya baraza, mjomba."

"Nnaitaka."

"Imefunikwa."

"Nshaona." Akaketi kwenye godoro, akaegemea mto. "Basi tukae. Baraza si la kukaliwa? Nipe na kahawa."

Tukakaa. Maji yakajaa, mashua ikaelea. Ilikuwa imekaa pwani siku kadhaa, mbao zimekauka, kwa hiyo ilikunywa kama mtu anayefuturu. Mjomba alikunywa kahawa yake, akanisimulia habari za watu nisiowajua. Nikahisi baridi matakoni. Sponji, mwanangu, haina haya, inakunywa yake na ya jirani.

"Mjomba, maji!"

"Fua basi."

"Yako chini ya mbao!"

"Ah," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia.

Nikang'oa misumari yangu mimi mwenyewe, mmoja mmoja, maji yakinifika kwenye mashavu ya miguu, naye kashika kopo akingoja nafasi ya kulipitisha. Tulipokwisha kuivuta pwani ndipo aliponikaripia, wala hakupandisha sauti.

"Nyumba ukiifunga ndani, umelinda mali yako. Chombo ukikifunga ndani, umejifunga wewe. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Wewe marejeo umeyapigilia misumari. Na ugonjwa wa dada yangu kule haungoji."

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Nilirudi nyumbani nimelowa, nikamkuta mama anasuka ukili wa mkeka. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akajishika mgongo.

"Mgongo ni wangu," akasema, "mashua ni ya kwetu, na mimi niko hapa hapa kila siku nasuka. Umeniuliza lini?"

Nikaketi karibu yake. Akaendelea kusuka, akasema:

"Kile kitanda cha kamba kilichoko stoo, kakilete. Kata matendegu yabaki shibiri moja. Mimi ntakiwamba upya."

Nikakata miguu ya kitanda, yeye akakiwamba kwa kamba za makumbi. Laiti ungeviona vidole vile! Mtu asiyeweza kukaa kwenye ubao saa moja, alikaa sakafuni mchana kutwa akivuta kamba, kila fundo limekaza kama ahadi. Kitanda cha kamba hakinywi maji, maji yanapita yakaenda zake. Mjomba akakikalisha juu ya mataruma, zile mbavu za chombo, akakibana kwa kabari mbili za mti na kitanzi kimoja cha kamba. Kwa mkono mmoja unakitoa. Birika likawekwa kwenye kipande cha wavu kilichotundikwa. Pazia langu wakaliacha. Nadhani walinihurumia.

Asubuhi iliyofuata tukaondoka. Tulikuwa hatujafika Mangapwani nikawa natapika kila nilichokula tangu kuzaliwa. Mama akanitazama, akateremka kitandani pake taratibu, akanilaza mimi. Mwanangu, kitanda kile kilikuwa kizuri. Nakitolea ushahidi kama mgonjwa wa kwanza.

Maji yakaanza kujikusanya ngamani. Mjomba yuko kwenye usukani, mimi maiti. Mama akasema, "Sogea, nifue maji." Akachomoa kabari moja, akainua upande wa kitanda pamoja na mwanawe juu yake, akapiga magoti, akaanza kufua kwa kopo.

"Dada, pumzika!" mjomba akapiga kelele.

"Ntapumzika Jongowe!"

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na siku ile kilichotufanya tuelee ni mama.

Tulipoingia chumbani kwa Bi Tatu, mama mkubwa akafumbua macho. "Umekujaje na mgongo huo?"

"Nimekuja nikifua maji. Aliyelala ni huyu," akaninyooshea kidole.

Bi Tatu akacheka. Wanawe wakasema wiki ile nzima hajacheka. Siku kumi na moja walikaa pamoja wale ndugu wawili, wakilishana uji na kusengenya watu waliokwisha kufa. Siku ya kumi na mbili tukamzika. Zile siku nne za baraza langu zingekuwa kumi na sita, mama angefikia kaburini kwa dada yake.

Kwa hiyo Rukia mwanangu, nami nakusifu mbele za watu, mikono yako imeipita yangu. Tia rangi upendavyo, tundika na pazia. Lakini sakafu usiipigilie. Iwe vipande vipande, vya kabari na kamba, ili mkono ufike ngamani wakati wowote, hata mkono wa mgonjwa. Na kabla hujamtengenezea mtu starehe, muulize mwenyewe, kwani huenda unayemtandikia godoro ndiye atakayekuokoa. Misumari itoe mdomoni, uulize, kisha ugonge.

Mola akupe upepo wa kiasi na chombo kinachokunywa kidogo. Kopo lako lisiwe mbali, na kila unakokwenda ufike ungali unasubiriwa. Amin. Mimi mtanikuta nyumbani.