Isale la Mzee Okello

Nilimwahidi babu yangu kwamba nitalitunza isale lile, mmea wa mpakani kwetu, lisikauke, na kila nikipanda kijijini Uru hulipitia kabla ya kufika mlangoni.

Utotoni mwetu bunduki zilichongwa kwa makonyo ya majani ya mgomba. Tulipigana upya Vita vya Kagera katikati ya mikahawa, mpaka harufu ya ndizi za kuchoma itushinde nguvu. Shida ilikuwa moja: hakuna aliyekubali kuwa askari wa nduli wa Uganda. Siku moja Okello, fundi mwashi kutoka Uganda aliyekuwa akijenga zizi la jirani, akaweka mwiko chini.

“Leo adui ni mimi, wajukuu. Kazi hiyo naijua, niliifanya kweli.”

Tukacheka. Babu, aliyekuwa akipalilia hapo karibu, hakucheka. Mdogo wake alikwenda Kagera na hakurudi. Kwa wiki nzima hakuitikia salamu ya fundi yule.

Kwetu Uchaggani, anayeomba msamaha huleta jani la isale, na kulikataa ni mwiko. Bibi alimnong’oneza fundi desturi hiyo. Jumapili baada ya misa, Okello akapiga magoti uani kwetu, mkononi ameshika si jani, bali shina zima.

Babu akalitazama. “Umelikata wapi?”

“Pale uani kwako, mzee.”

Sisi watoto tukaziba midomo. Masale yale ndiyo mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Kuyakata huitisha kikao cha ukoo.

“Yaani unaniomba radhi kwa kuvunja mpaka wangu? Nyie watu! Hata vita mlivianza hivyo hivyo!”

Okello akainamisha kichwa. “Basi nisamehe mipaka yote miwili, mzee.”

Kisha Babu akacheka huku machozi yakimtiririka, akamwinua, wakaenda pamoja kulipanda shina pale lilipokatwa. Bibi akaleta mbege, pombe yetu ya ndizi, wakapokezana kata moja. Nimekulia chini ya Kilimanjaro, lakini sijaona kitu kikubwa kuliko kile.

Wazee wote wawili wamekwisha kulala usingizi wa milele. Sisi wasomi, ambao hatujawahi kushika silaha isipokuwa konyo la mgomba, tukikwazana kwa neno moja tunafungiana simu mwaka mzima. Na sasa binamu zangu, walionifungia simu, wanataka kung’oa masale wajenge ukuta wa tofali.

Ikiwa unawafahamu, nakuomba uwaambie waliache shina lile.