Msuka Mikeka na Mafunjo ya Bondeni

Jirani yangu, msuka mikeka, hakati funjo kabla hajaliviringisha kati ya vidole azisikie pembe zake tatu. Changa analiacha. Lililokomaa analikata juu ya tope, polepole, maana mzizi wake hutambaa chini kwa chini na kuchipua upya ukiachwa salama. Viganja vyake vimejaa michirizi.

Tangu biashara ya pamba iachiwe watu binafsi, kila mwenye lori ni bosi hapa Bariadi. Mmoja alileta trekta bondeni alikokuwa akikata jirani yangu, akang'oa mafunjo yote apate pa kuegesha malori yake. Hakumuuliza mtu! Na juzi, bila haya, akaja mlangoni kwa huyu mama, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, nisukie mikeka ishirini, watu wangu wachambulie pamba."

Mimi matusi yalinijaa mdomoni. Mama aliingia ndani, akatoka na mzizi mkavu wa funjo, mrefu kama mkono, wenye jeraha la plau ya lile trekta. Akampa mwenye lori kwa mikono miwili, kama anavyompa mgeni maji.

"Kaupande pale unapoegesha, baba. Ukiota, njoo tuongee mikeka."