Siga Laini ya Baba

Dukani kwetu, mtu ambaye hajawahi kuvuta siga tunamuuliza kwanza swali moja: umekula? Siga ni yale masigara manene ya kahawia ambayo mabosi wa Masaki wanayashika kama wameshika rimoti. Ukiivuta na njaa inakulaza chini. Nimeshaona mtu mzima, na suti yake, amekaa kwenye ngazi za duka jasho linamtoka, anaomba soda kama mtoto.

Nauza hizo siga mwaka wa pili sasa. Nilivyoanza nilikuwa nakosea kama kila mtu. Mteja akisema nipe laini, ndo mara yangu ya kwanza, nampa yenye rangi ya kupauka, au nampa fupi. Bosi akanirekebisha. Rangi ni ya jani la nje tu, haikwambii kitu. Fupi inaweza ikakupiga kuliko ndefu, na nyembamba ndo moshi wake unakuja wa moto. Ukali uko kwenye majani ya ndani, kwa hiyo cha kuuliza ni yametoka sehemu gani ya mche. Ya chini ni laini. Ya juu kabisa, yaliyoshinda juani, hayo ndo makali. Mgeni mpe ya chini, mwambie asimeze moshi, akifika nusu aizime.

Nilikuwa naitikia tu, ndiyo bosi, ndiyo bosi. Sikumwambia kwamba habari ya majani ya chini na ya juu nilikuwa naijua tangu nina miaka sita. Baba yangu alikuwa mkulima wa tumbaku, huko Tabora.

Baba alikuwa na vidole, acha tu. Unampa jani kafumba macho, anakwambia limetoka wapi kwenye mche. La chini ni jepesi kama karatasi, la juu ni nene, lina mafuta, linakuachia gundi mkononi. Majirani walikuwa wanamletea tumbaku yao awapangie madaraja kabla mnunuzi hajaja. Na hakuwahi kuvuta hata siku moja. Kanisa letu lilikataza kuvuta. Kulima halikukataza.

Kazi ya dada ilikuwa kuchuma. Alfajiri, majani yamejaa umande, anayabeba kifuani mpaka kwenye banda la kukaushia, gauni limelowa lote. Ikifika saa nne anatapika. Kichwa kinazunguka, mikono inatetemeka, anatapika mpaka yanatoka maji ya njano. Siku hizi ukitafuta kwenye simu unakuta ni ugonjwa unaojulikana kabisa, sumu ya jani bichi inapita kwenye ngozi. Baba alikuwa anasema anajifanya. Alikuwa anamwita mvivu mbele za watu, halafu kesho yake anamwamsha tena.

Mwaka aliomaliza la saba alifaulu. Karatasi ya majina ilibandikwa pale shuleni, mie nilikuwa sijui kusoma, yeye ndo akanionyesha kwa kidole. Hili hapa, ni mimi. Baba akasema tumalize msimu kwanza, ataenda mwakani. Msimu ukaisha, ukaanza mwingine. Baadaye mjomba akanichukua mie, nikasoma huku Dar mpaka kidato cha nne. Dada akabaki na majani.

Leo wote tuko Dar, mie nalala Masaki karibu na duka, wao wako Gongo la Mboto. Mama alishafariki, baba amezeeka, na nyumba ni ya dada, yeye ndo kapanga. Alfajiri anafuata nyanya sokoni Mabibo, anarudi kuziuza hapo nje kwenye meza. Baba anakaa kwenye kiti chake, anakula chakula cha dada, analala kwenye shuka alizofua dada. Na kila Jumapili wakija watu wa kanisani kumsalimia, anatutambulisha.

"Huyu wa kiume yuko Masaki, anafanya kazi na wakubwa. Huyu dada yake, shule haikumpenda."

Wageni wanacheka kidogo, kwa adabu. Dada anacheka na yeye, anamimina chai.

Sentensi hiyo nimeisikia mpaka imenikaa kooni. Shule haikumpenda. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, baba aseme kwamba dada alifaulu. Siku moja nilimwambia, tuko wawili. Akaniangalia kama ananionea huruma. "Hayo wewe unayajua? Ulikuwa unanyonya." Nikaenda kumwambia dada, akaniambia niachane naye, mzee yule. Mie siwezi kuachana na kitu. Ndo nilivyo.

Halafu mwezi uliopita baba akaniomba siga.

Nilikuwa namwonyesha picha za dukani kwenye simu. Akaishika simu muda mrefu, anazikuza picha kwa kidole. Akasema amelima miaka thelathini na hajui mtu alikuwa anapata nini humo. Nimletee moja, kanisa litamsamehe. "Lakini laini," akasema. "Mie mgeni."

Ijumaa jioni kabla ya kufunga nikafungua kabati. Nikaichukua ile tunayowapaga wageni, nene kiasi, majani ya chini matupu, ukiivuta ni kama unavuta karanga za kukaanga. Nilishaitia kwenye mfuko wa karatasi. Nikakumbuka umande. Nikakumbuka dada ameinama nyuma ya banda, ameshika magoti yake. Nikairudisha. Nikachukua nyingine, ya chini kabisa ya kabati, ile ambayo hata bosi haigusi kabla ya chakula. Nikaibandua kile kikaratasi chake cha dhahabu, kisije kikasomwa na mtu. Naandika ukweli. Nilikuwa na furaha.

Jumamosi mchana nikafika. Shikamoo baba, marahaba. Dada alikuwa nyuma anakaanga dagaa, ugali bado. Baba alikuwa hajaweka kitu tumboni tangu chai ya asubuhi, nilijua, na lile swali la kwanza sikuuliza.

Nikampa. Hakuiweka mdomoni. Aliinusa kwanza, akaiminya taratibu toka mwanzo mpaka mwisho, kama anatafuta mfupa. Nikaikata kichwa. Akachokoa kipande cha jani pale nilipokata, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Akasugua tena. Halafu akavitenganisha vidole polepole, vilikuwa vinanatana.

"Hii ndo laini?"

"Ndiyo, baba."

Akaniangalia. Ndege ilikuwa inashuka kuelekea uwanjani, tukasubiri kelele ipite.

"Haya. Washa."

Akavuta. Nilimwambia asimeze moshi, hilo nililisema, ili baadaye niweze kujiambia kwamba nilisema. Jirani mmoja akapita na ndoo zake, akasimama kumtania, mzee siku hizi umekuwa mwekezaji, tukupe eneo ujenge kiwanda? Baba akamnyooshea siga kama fimbo, wakacheka. Akafika robo. Akafika nusu, nikamwambia basi, inatosha. Akatikisa kichwa. Paji la uso lilikuwa linamwaga jasho, midomo imepauka, bado anavuta, tena haraka haraka, kama mtu anayemaliza dawa chungu. Nikanyoosha mkono niichukue, akanipiga kwenye kiganja.

Alivyosimama, miguu ikakataa. Akatapika pale pale, kwenye shati lake, kwenye kiti. Dada akaja mbio na beseni, mkononi bado ana mwiko. Tukamwingiza ndani. Mikono yake ilikuwa inatetemeka hivyo hivyo, nasema hivyo hivyo, naijua mitetemo ile. Akatapika mpaka maji ya njano. Hapo ndo nikaogopa. Mzee ana zaidi ya miaka sabini. Nikakoroga sukari kwenye maji, nusu ikamwagikia sakafuni.

Alipotulia akaniambia, macho kafumba, "Ya juu matupu yale. Nilijua toka nimeishika."

Nikamuuliza kwa nini sasa amevuta. Akafumbua macho. Alimshika dada mkono.

"Ulikuwa unasikia hivi?"

Dada alikuwa anamfuta shingo na kitambaa. Aliendelea kufuta.

"Lala, baba."

"Nakuuliza."

"Lala."

Nikatoka nje. Niliwaza kwamba sasa imekuja, kile kitu nilichokingojea miaka yote. Dada akanifuata baada ya muda, kabeba beseni, shati na shuka. Akavibwaga kwenye ndoo. Sikuwa nimemwambia kitu, lakini alikuwa ameshajua, kwa sababu yeye pia anajua majani.

"Mie nilikutuma?" akaniuliza.

Nikasema nilifanya kwa ajili yake.

"Kwa ajili yangu." Akamimina sabuni. "Nani anafua? Usiku akiamka tena na kizunguzungu, nani ataamka naye? Wewe utakuwa Masaki. Mie utoto wangu wote nimefua matapishi yangu ya tumbaku, ukaona haitoshi, umeniletea na ya kwake."

Nikataka kushika ndoo nimsaidie. Akaisogeza.

Baba alikaa kitandani siku tatu, halafu akarudi kwenye kiti chake. Habari ya siga hakuna aliyeigusa. Kipande kilichobaki nilikitupa mimi mwenyewe.

Jumapili iliyofuata nikaenda, makusudi kabisa. Nilijua wageni watakuja, nikataka niwepo nisikie. Wakaja watatu, wakakaa, dada akaleta vikombe. Mmoja alikuwa mgeni kweli, hatumjui, akauliza hawa ndo watoto?

Baba akasema, "Huyu wa kiume yuko Masaki, anafanya kazi na wakubwa."

Kisha akamwangalia dada aliyesimama na birika. Mdomo wake ukafunguka. Mie nikasema kimoyomoyo, sema, sema alifaulu, neno moja tu. Akaufunga. Akamgeukia mgeni, akamuuliza habari za mvua kwao.

Basi. Hakusema shule haikumpenda. Hakusema kitu chochote. Yule mgeni alikunywa chai mpaka mwisho, naamini alimdhania dada ni msichana wa kazi, maana wakati wa kuondoka alituaga mie na baba tu.

Tukabaki kuosha vikombe, dada na mimi, safari hii alinikubalia. Nikamwambia angalau ameacha ule uongo. Nilikuwa nataka anikubalie hata hilo tu. Alisuuza kikombe, akakigeuza, akakiweka kwenye sinia.

"Zamani angalau alikuwa ananitaja," akasema.