Wimbo wa Kusakabe

Siku klabu yetu ya besiboli ilipomtema Kusakabe, Bi Tokie alikuwa anakaanga jakoten, vile vipande vya samaki wa kusaga, dukani kwake, na nusura auchome mtaa mzima. Habari aliipata redioni. Mtangazaji alisoma majina ya wachezaji wasioongezewa mkataba, akayasoma mbiombio kama mtu anayewahi chakula, na katikati ya vijana wawili ambao hata sisi hatukuwajua vizuri akalipachika jina la Kusakabe, mlinzi wetu wa kituo cha pili kwa miaka kumi na saba. Bi Tokie akawaacha samaki wake wa kusaga wakiungua kwenye mafuta, akaja mpaka kwenye mtaro nilikokuwa nazibua bomba la jirani, akanisimamia kichwani na mwiko mkononi.

"Kihei, umesikia?"

"Sijasikia kitu, dada. Niko mtaroni."

"Toka humo. Wamemtema Kusakabe."

Nikatoka. Mimi nina hasira za karibu, Matsuyama nzima inajua, na siku ile nilivurumisha spana yangu ikaingia kwenye maji machafu, nikaja kuipapasa baadaye kwa mikono mitupu. Tulisimama pale tunatukana ofisi ya klabu kwa zamu, mpaka jirani akapiga kelele kwamba dukani kunafuka moshi.

Huyu Tokie Murakoshi, kwa asiyemjua, ni mwanamke mfupi, mjane, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Asubuhi anasaga samaki. Siku za mechi anavaa joho la bluu na kwenda kuongoza ushangiliaji wa Korongo wa Matsuyama kwenye jukwaa la kulia. Na kwetu kushangilia besiboli si kupayuka tu. Kila mpigaji ana wimbo wake, na akisimama na gongo lake jukwaa zima linauimba huo, matarumbeta mbele, ngoma nyuma. Klabu haina mkono humo. Nyimbo tunatunga wenyewe mashabiki, na katika kundi letu mtunzi ni yeye. Mchezaji mpya ambaye bado hajatungiwa tunampigia wimbo wa jumla, ule wa kila mtu, mpaka atuoneshe yeye ni nani. Tarumbeta la kwanza ni lake Bi Tokie. Ngoma ni yangu.

Wimbo wa Kusakabe aliutunga mwaka aliofiwa na mumewe. Alikuwa anashinda dukani bila kuwasha jiko, mteja akija anamwangalia tu. Kusakabe wakati ule alikuwa kijana mwembamba anayejirusha chini kwa kila mpira, hata usiodakika. Bi Tokie akamtazama kwenye televisheni, akaenda kabatini akatoa tarumbeta, na kesho yake akawasha jiko. Mtu akiniambia huo ni wimbo tu, mimi namuona hana akili.

Sasa niambie, walimtema kwa nini? Umri, ofisi ikasema. Ana miaka thelathini na sita, wanataka damu changa. Haya, tukangoja hiyo damu changa. Desemba wakamleta Hirukawa kutoka Osaka, ana thelathini na nne na goti bovu, wakampa mkataba wa miaka minne wa mapesa ambayo ukiyanunulia jakoten, mji huu ungekula mpaka ukachukia samaki.

"Wanamlipa kwa alichokifanya Osaka!" Bi Tokie alikuwa akimwambia kila mteja, atake asitake. "Mipira aliyopiga kule waliifurahia wao, bili wanatuletea sisi! Mwaka wa nne atakuwa anakaa benchi na mto mgongoni, na bado mshahara uleule. Kusakabe angecheza kwa nusu. Angecheza kwa robo! Mbona hawakumuuliza?"

"Mama, mimi nilikuja kununua vipande vitatu tu," mteja anasema.

"Vipo. Subiri nimalize."

Kusakabe walimpa kazi ofisini. Apewe kadi zenye jina lake, avae suti, awapungie mkono wafadhili. Akakataa. Baridi nzima hakuna klabu iliyomchukua, na sisi tukajua basi, imekwisha. Kumbe Februari mwishoni tukasikia amesajiliwa na Tai wa Okayama, watani wetu wa jadi wa ng'ambo ya bahari. Mkataba wa mwaka mmoja, wa chini kabisa, ule wanaopewa watoto waliotoka shule. Bi Tokie aliposikia alicheka peke yake, halafu akakunja uso. Akaniambia, "Akija hapa na jezi ya Okayama, mimi nampigia wimbo wake."

Nikamwambia, "Dada, sheria."

"Naijua sheria."

Na anaijua kweli. Kupuliza matarumbeta uwanjani kunataka kibali cha ligi, na kibali chetu kiko kwa jina lake. Ukimpigia ala mpigaji wa wageni, kibali kinafutwa, na kikifutwa hakirudi. Joho anavua, tarumbeta linarudi kabatini, na kundi linasambaratika. Mwanamke huyu hana mtoto, hana mume. Ana duka na ana jukwaa la kulia, basi.

Machi akaja mtu wa ofisi, bwana mmoja anaitwa Enokida, mpole mpole, na boksi la vitamutamu. Mimi nilikuwepo. Nusu ya maisha yangu nimekula pale.

"Bi Tokie, shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya Hirukawa. Wenzake wote wana nyimbo. Yeye mtampigia ule wa jumla? Mchezaji mkubwa vile? Anajisikia vibaya."

"Anajisikia vibaya? Masikini! Na mshahara wake unajisikiaje?"

"Mama, tusifike huko."

"Tumeshafika. Siku atakayonipa sababu nitamtungia. Kwa sasa aimbiwe wa wasio na jina, azoee."

Enokida akajifuta jasho. Akasema amesikia maneno mjini kuhusu Kusakabe, na kwamba anatuomba sana tusithubutu. "Si mimi, mama. Ni ligi. Watakufutia siku ileile, na mimi sitakuwa na la kukusaidia."

"Ulikuwa na la kumsaidia Kusakabe?"

Bwana yule akainama. Bi Tokie akalisukuma boksi kwake juu ya kaunta. "Wapelekee wanao. Na funga mlango, upepo unapoza mafuta."

Tukaitana kundi zima, tukakaa nyuma ya duka. Wapo waliosema hapana, tutapoteza kila kitu kwa dakika moja. Mimi niliwaka. Nikawaambia kama hatuwezi kumpigia mtu aliyetutolea jasho miaka kumi na saba, hizi ngoma tuzipasue tukawashie moto. Bi Tokie akanituliza kwa mkono. Akasema kibali ni cha jina lake na anayekitoa ni yeye, mwenye kuogopa asishike ala siku hiyo. Hakuna aliyejitoa. Kusakabe akisimama tu, wimbo wote, mwanzo mpaka mwisho, tarumbeta na ngoma. Baada ya hapo waje watuvue majoho.

Mechi ilikuwa Jumapili ya Aprili, mchana. Jumamosi yake, saa za chakula, mlango wa duka ukafunguliwa akaingia Kusakabe mwenyewe, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mzee aliyekuwa anahesabiwa chenji akaziangusha zote sakafuni.

"Mwanangu!" Bi Tokie akatoka nyuma ya kaunta. "Kaa, kaa. Mbona umekonda? Huko Okayama hawakupi chakula?"

Hakukaa. "Mama, nimeambiwa kesho mtanipigia wimbo wangu."

"Nani huyo mwenye mdomo? Tulitaka kukushtukiza."

"Msipige."

"Kama ni habari ya kibali, hiyo niachie mimi. Nimeshaamua."

"Si kibali chako, mama. Ni kazi yangu." Alikuwa anaongea taratibu, lakini nikaona kwamba jamaa ana hasira kuliko sisi wote. "Mimi sijastaafu. Baridi nzima nimepiga simu mpaka watu wakawa hawapokei. Sasa niko benchi la Okayama na kocha ananiangalia kila siku, anajiuliza anibakishe au aniondoe. Kesho nisimame kupiga, ninyi muanze kuniimbia. Uwanja wote utalia. Watapunga taulo. Wenzangu wataniona mgeni wa heshima, mzee amekuja kuagwa kwao. Ofisi ilinipa kadi zenye jina, ninyi mnanipa wimbo. Wote mnaniambia neno moja, mama. Asante, umemaliza."

"Unanilinganisha mimi na Enokida?"

"Wewe ulinitungia wimbo wa kupigia mpira. Huo wa kesho ni wa maziko."

Bi Tokie uso ulimwiva mwekundu mpaka shingoni.

"Toka," akasema. "Toka dukani kwangu! Miaka kumi na saba nimepasua midomo kwa ajili yako, nataka kutoa nilicho nacho chote, na unakuja kunitukana mbele ya wateja! Toka!"

Kusakabe akainamisha kichwa, akatoka. Mzee wa chenji naye akatoka, hata hakuziokota. Bi Tokie akachukua kitambaa akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Alifuta weee, mpaka nikaona aibu kumtazama.

"Kihei. Ni kweli?"

"Nini?"

"Kwamba na sisi tumemzika."

Nilikuwa na samaki mdomoni. Nikaendelea kumtafuna.

Jumapili jukwaa lilijaa. Kusakabe alikaa benchi awamu zote. Tunaingia awamu ya tisa, ya mwisho, tunaongoza kwa moja, Okayama wameshatolewa wawili, bado mmoja tu twende nyumbani. Lakini wana watu kwenye kituo cha kwanza na cha pili. Kocha wao akatoka, akabadilisha mpigaji. Spika ikataja jina la Kusakabe.

Uwanja mzima ulisimama. Taulo za zamani zenye namba yake zikatokea kila upande, watu walikuwa wamezificha kwenye mifuko. Wapuliza matarumbeta wote wakamgeukia Bi Tokie. Mimi nikainua vijiti juu ya ngoma, na nakwambia ukweli, sikujua atafanya nini. Tarumbeta alikuwa amelikumbatia kifuani. Watu nyuma yetu wakachoka kungoja, wakaanza wimbo kwa midomo.

Bi Tokie akaugeuzia mgongo uwanja, akapanda juu ya kiti. "Nyamazeni!"

Wimbo ukayumba.

"Nyamazeni nyote! Huyo ni wa Okayama! Amekuja kutuibia mechi!"

Mama mmoja akamlilia, "Bi Tokie, lakini ni Kusakabe!"

"Namjua kuliko wewe! Ndiyo maana nakwambia ogopa!"

Pakawa kimya. Mrushaji wetu akarusha, Kusakabe akapunga gongo akakosa. Akarusha tena, akakosa tena. Mpigaji akikosa mara mbili, sisi mashabiki wa nyumbani tunampigia makofi mrushaji wetu, ili amtoe kwa kosa la tatu. Ndiyo desturi yetu. Mikono yangu ilikataa. Bi Tokie akaanza peke yake, mikono juu ya kichwa, paa, paa, paa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu. "Mtoe!" anapiga kelele. "Mtoe huyo! Usimwonee haya!" Basi nikatupa vijiti nikapiga na mimi, na jukwaa zima likapiga, makofi yakawa yanakimbia kasi mpaka huwezi kusikia mwenzako.

Kule chini nikamuona Kusakabe anachimba udongo kwa kiatu na kujiweka sawa. Akagusa mpira ukaenda nje ya mstari, hauhesabiwi. Akagusa mwingine, nje. Wa tatu akaupata katikati, ukapita juu ya Hirukawa, ambaye aliruka na lile goti lake na kudaka hewa, ukaenda kugonga ukuta. Wale wawili waliokuwa vituoni wakakimbia mpaka kituo cha nyumbani, pointi mbili. Tukawa nyuma kwa moja.

Bi Tokie alimtukana. Si kwa utani, mimi ngoma zangu nimezipiga kando yake miaka mingi na sikuwahi kusikia maneno yale. Mwizi, mnafiki, mtu asiye na fadhila. Zamu yetu ya mwisho alipuliza kama anataka kulipasua tarumbeta, na haikusaidia kitu. Wetu watatu wakatoka mmoja baada ya mwingine, wa mwisho Hirukawa, kwa wimbo wa jumla.

Mechi ikaisha. Okayama wakajipanga mbele ya jukwaa la kushoto kuwainamia mashabiki wao. Kusakabe alikuwa katikati, wenzake wanampiga makofi kwenye kofia. Akawainamia wale, akageuka na wenzake, akaingia ndani.

"Dada," nikasema, "hata jicho hakutupa huku."

"Angelitupa ningemfuata nikamzabe kofi." Alikuwa anafuta mdomo wa tarumbeta kwa joho. "Huyo mwakani anapewa mkataba. Kocha wake ameona."

"Ndiyo, atapewa."

"Na akirudi hapa mwakani tunamtoa. Umenisikia, Kihei? Tunamtoa!"