Herufi Zilizoinama za Mama Mwanahamisi

Juzi nilikuwa napaka lango langu rangi, na harufu ya rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa ikanichafua moyo. Utadhani ningeipenda, maana nililelewa ndani yake. Baba alikuwa mchoraji wa mabango pale mtaa wa Jericho, na sisi watoto wake tulinuka brashi hata siku ya kanisa.

Mama Mwanahamisi, aliyeuza viungo karibu na soko, alitaka jina lake lote juu ya dirisha la duka. Jina refu, ubao mfupi. Baba alizoea herufi nono zenye vijiguu chini, na kila akipima, nusu ya jina inabaki nje.

"Baba Mutua, usinikatie jina. Mimi si kitenge," mama yule akamwambia.

Nikachukua chaki. Nikaziondoa herufi vijiguu, nikazibana mbavu, lakini unene wa mistari nikauacha ili zisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Zikiwa wima zilifanana na vyuma vya dirisha, basi nikaziinamisha zote kidogo upande wa kulia. Jina likaenea, tena kwa raha.

"Mwende, hizi nazo zinakimbilia wapi?" Baba aliuliza huku akicheka. Wachoraji wa mtaani huweka jina lao kwenye pembe ya chini ya bango, na hilo ndilo huwaletea kazi nyingine. "Hapo tutaandika Mwende," akaniahidi. Wiki hiyo nilitembea mtaani kama mtu mwenye viatu vipya.

Siku ya kumaliza, ikiwa imebaki pembe ile tu, Baba alinituma dukani nikanunue mafuta ya taa. Nilikimbia kwenda na kurudi. Nikakuta pameandikwa MUTUA, kwa herufi zangu, zimebanwa na kuinama vile vile. Mutua ni mdogo wangu. Tangu asubuhi alikuwa mtaa wa Kaloleni akicheza mpira.

"Wewe utaolewa," Baba alisema bila kunitazama. "Yeye ndiye atabaki na kazi."

Leo herufi zile ziko kwa kinyozi, kwenye bucha, popote jina refu linapokutana na ubao mfupi, na watu huziita za Mutua. Mwenyewe hunipigia simu: "Sista, ile S unaikunja aje?" Namwambia nimesahau. Sijasahau.

Miaka yote nilijifariji kwamba Baba hakuona ubaya, kwamba ndivyo wazee walivyolelewa. Lakini juzi pale langoni, brashi mkononi, nilikumbuka nilichokiona niliporudi mbio siku ile na sikukielewa: chupa ya mafuta ya taa chini ya ngazi, ile tuliyotoka nayo nyumbani. Ilikuwa imejaa. Alijua anachonifanyia, ndiyo maana hakutaka niwepo.